Kudra na Kalafati

Mimi nilizaliwa Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, katika nyumba iliyopakana na msikiti, nikatiwa chuoni ningali na meno ya utoto, nikahitimu msahafu kwa sauti ambayo maalim wangu aliisifu mbele ya wazee, nikafunga Ramadhani kabla ya umri ulionilazimu. Na leo, katika uzee wangu, siamini kuwa yuko Mungu. Nalisema neno hili bila ya kupaza sauti na bila ya kunong'ona, kwa kuwa majirani zangu walilijua zamani: wengine wamelizoea, wengine huniombea uongofu, na mmoja au wawili huipokea salamu yangu kwa shingo upande.

Wako wanaodhani kwamba elimu ya Kizungu ndiyo iliyonipoteza. Shaka ni ya kale kama imani yenyewe, na katika lugha ileile ya Kiarabu tuliyofunzwa kuistahi chuoni aliishi mshairi kipofu, Abul Ala al-Maarri wa nchi ya Shamu, aliyezaliwa mwaka 973 na kufa mwaka 1057, ambaye alizihoji dini zote alizozijua, akajizuia kula nyama kwa kuwahurumia wanyama, na pamoja na hayo akaishi hadi uzeeni akizungukwa na wanafunzi. Mwaka 2013 watu wenye silaha walikikata kichwa cha sanamu yake katika mji aliozaliwa. Karne zaidi ya tisa zilikuwa zimepita, na maneno yake yalikuwa bado yakimkera mtu. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba kutoamini ni vazi la kuazima.

Walakini sikukusudia hapa kupima hoja za wanafalsafa juu ya asili ya ulimwengu, ambazo zimepimwa na watu wenye akili kunishinda. Linalonishughulisha mimi ni jambo la karibu zaidi: namna tunavyoieleza homa ya mtoto, wizi wa chombo cha kazi, na kuzama kwa meli, maana hapo, katika mambo ya nyumbani na ya bandarini, ndipo imani iliponitoka kidogo kidogo, na hapo ndipo ninapoiona hata sasa ikitutoza gharama ambayo hatuiandiki popote.

Katika utoto wangu hapakuwa na jina lililowatia mama zetu hofu kuliko degedege. Kila mtu alijua kuwa ni shetani ajaye usiku kwa umbo la ndege, akapita juu ya mapaa ya makuti, na mtoto aliyepitiwa naye hukaza shingo, macho yakageuka yakabaki meupe, viungo vikatetemeka na povu likamtoka kinywani. Dawa zake nazo zilijulikana: mtoto alifukizwa moshi wa mavi ya tembo, akapakwa majani yaliyopondwa, pengine akamwagiwa mkojo wa mtu mzima ili shetani achukie na kumwacha, na katika nyumba za wacha Mungu kama yetu aliandikiwa kombe, aya zikaandikwa kwa zafarani katika sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi ya waridi, na maji yale ya manjano akanyweshwa kwa kijiko. Fauka ya hayo palikuwa na mwiko mmoja uliokuwa mkali kuliko dawa zote: mtoto wa degedege hachomwi sindano. Akichomwa, hufa.

Mdogo wangu wa kike alishikwa wakati wa masika. Namwona hata leo amelazwa juu ya mkeka katika ukumbi wa ndani, kitambaa chekundu kimefungwa mkononi, na bibi amempakata kichwa chake huku akisoma Ayatul Kursiyu mfululizo bila ya kupumzika hata kumeza mate. Alitulia, tukashukuru; alishikwa tena, moshi ukaongezwa. Baba mdogo, aliyekuwa amefanya kazi katika mashamba ya mkonge na kuona mambo ya nje, alisema mara mbili kwamba mtoto avushwe mto apelekwe hospitali, na mara zote mbili aliambiwa anataka kumwua. Alipovushwa hatimaye, baada ya siku kadhaa, alikuwa hana tena nguvu ya kulia. Alichomwa sindano asubuhi, akafa kabla ya adhuhuri. Bibi alisema kwa uchungu wa kweli, na watu wote wakaitikia kwa vichwa, kwamba yeye alionya. Na mimi niliyekuwa mtoto nikaamini kwamba sindano ndiyo iliyomwua ndugu yangu, na kwamba lililobaki lilikuwa ni kudra ya Mwenyezi Mungu.

Miaka ilipita, nikapata kazi ya kupima damu katika maabara ya hospitali upande wa Muheza, chini ya milima ya Usambara, katika nchi ambayo kwa malaria haina haja ya kutafutiwa mfano. Nilifunzwa kuchoma ncha ya kidole cha mtoto, kuweka tone juu ya kioo, kulitandaza kidogo kwa kona ya kioo kingine, kulikausha, kulitia rangi ya Giemsa, kuliosha taratibu ili lisitoke lote, kisha kulitazama kwa hadubini kwa lenzi iliyogusa mafuta. Vikaonekana. Pete ndogo sana za rangi ya samawi, kila moja na nukta yake nyekundu, makumi kwa mamia, na penginepo baina yao umbo lililopinda mfano wa hilali ya mwandamo, ambalo ndilo mbu hulichukua kulipeleka kwa mtu mwingine. Ronald Ross alimkuta mdudu huyu ndani ya mwili wa mbu mwaka 1897 huko Secunderabad katika Bara Hindi; yaani tangu kabla hajazaliwa bibi yangu sababu ilikuwa imekwisha kujulikana, na haikupata kuvuka mto wetu.

Nilipowaona watoto wa degedege wakiletwa mmoja baada ya mmoja, na kila kioo cha damu kikasema jambo lilelile, nilianza kuelewa jinsi ule mwiko wa sindano ulivyojijenga ukawa ngome isiyobomoleka. Mtoto aliyeshikwa na homa akapelekwa upesi, akatibiwa kwa kwinini kabla ya kukakamaa, alipona. Lakini huyo hakuitwa mtoto wa degedege, aliitwa mtoto wa homa, na habari yake ikasahauliwa kabla ya mfungo mwingine. Mtoto aliyekakamaa kwa ukali wa joto tu, bila ya vimelea kumfika ubongoni, alitulia mwenyewe baada ya dakika chache, na kutulia kwake kukahesabiwa kuwa kazi ya kombe na moshi. Yule ambaye ugonjwa ulimfika ubongoni kwelikweli, moshi haukumfaa wala kombe halikumfaa, ndipo alipoletwa hospitali saa ya mwisho, akachomwa sindano ambayo ingemwokoa siku mbili kabla, akafa ikiwa ingali mkononi mwa muuguzi. Basi mama aliyesimama mlangoni aliona nini? Aliona kombe likiponya, na sindano ikiua. Macho yake hayakumdanganya. Alilolikosa ni hesabu ya wale ambao hawakuwapo mbele ya macho yake, na hakuna mtu aliyemfundisha kuihesabu. Maana pale swali lilipotaka kuzaliwa palikuwa pamekwisha kukaa jibu, lenye heshima, lenye kuridhiwa na wote, lisilomruhusu mtu kuuliza zaidi bila ya kuonekana mtovu wa adabu.

Simlaumu bibi. Alimpenda yule mtoto kuliko sisi sote, na kwa akili alikuwa mwenye akili. Lawama yangu ni juu ya lile jibu.

Nikaanza kulitazama mahali pengine. Katika mji mmoja wa pwani nilikopelekwa kufanya kazi, mvuvi mmoja aliibiwa mashine ya boti, mali iliyokuwa na thamani kuliko nyumba yake, naye akaenda kwa walimu ikasomwa Halbadiri: yakatajwa majina ya wale waliopigana katika vita vya Badri mwaka wa pili wa Hijra, ubani ukafuka, na mwizi akaombewa balaa asipoirudisha mali ya watu. Mji mzima ulikaa kungoja nani ataanguka. Haukupita muda akaletwa kwangu kijana mmoja akikojoa damu, amekonda kwa hofu kuliko kwa maradhi, maana ulimi wa mji ulikuwa umekwisha kumhukumu. Nilipoutazama mkojo wake niliyaona mayai ya kichocho wazi kabisa, kila moja na mwiba wake mwishoni, kama nilivyoyaona katika mkojo wa watoto wengi wanaooga madimbwini. Nikawaambia watu. Wakanijibu kwamba Halbadiri ndiyo iliyomtia kichocho. Baadaye mashine ilionekana katika bandari nyingine, na aliyeiuza alikuwa jamaa wa mwenye mashine, mtu mzima mwenye afya, aliyeishi miaka mingi baada ya hapo na kuona wajukuu. Hapo nikadhani neno limekatika. Nikaambiwa kuwa huyo adhabu yake imeahirishwa, ataikuta akhera.

Nalitafakari jambo hili mpaka leo. Imani ambayo mgonjwa asiye na hatia huithibitisha na mkosaji mwenye siha pia huithibitisha, ni dalili gani ingeweza kuikanusha? Na kama hakuna dalili yoyote duniani inayoweza kuikanusha, basi haikutueleza chochote juu ya dunia. Lililofanyika ni kwamba kijana maskini alibeba aibu miezi kadhaa, mama yake akaacha kwenda sokoni, na hakuna aliyewaomba radhi, kwa sababu mbele ya Mungu hapana aliyekosea.

Hapa sina budi kumtaja marehemu baba, ambaye dini yake ilikuwa safi, na ambaye bila ya kukusudia ndiye mwalimu wangu wa kwanza katika njia niliyoifuata. Alikuwa nahodha wa jahazi, akichukua mbao na nazi baina ya Pangani, Unguja na Pemba, na hakupata kung'oa nanga bila ya Fatiha. Lakini kabla ya Fatiha chombo kilipandishwa ufukoni, kikaegemezwa maji yalipokupwa, na fundi wa kalafati akakipitia ubao kwa ubao, akisindilia pamba iliyochovywa mafuta katika kila ufa kwa patasi na nyundo, kisha upande wa chini ukapakwa deheni ya chokaa na shahamu ili wadudu wa majini wasiule. Baba alimfuata fundi nyuma akipitisha ukucha wa kidole gumba katika maungio. Mahali ukucha ulipozama, fundi alirudia. Akinung'unika asinung'unike, alirudia. Akawa na hesabu yake ya bamvua na ya maji mafu, ya siku ambazo mlango wa mto wa Pangani hupitika na siku ambazo hukataa, na hesabu hiyo hakuitafuta katika ndoto wala katika ramli. Siku moja abiria aliyechelewa alimsihi ampakie juu ya shehena iliyokwisha kutimia, akasema Mungu atatufikisha sote. Baba alimwambia kwa upole, "Mungu atakufikisha kwa chombo cha kesho, mwanangu. Changu kimejaa."

Mtu yule aliamini kwa moyo wote, na hakumwachia Mungu hata ufa mmoja. Nimewaona wengi kama yeye: mkulima anayeomba mvua haachi kuchagua mbegu, mkunga anayesoma dua haachi kuchemsha wembe, fundi mwashi anayeandika Bismillahi juu ya mlango haachi timazi nyumbani. Katika kazi ambayo mtu anaijua, mikono yake hufuata sababu na matokeo, wala haisubiri muujiza. Kudra huanza kutajwa pale ujuzi unapokoma, au, na hili ndilo linalonitia ghadhabu, pale ambapo ujuzi upo lakini mwenye kuwajibika anataka kufunikwa.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander I, iliyotoka Unguja kwenda Pemba, ilizama karibu na Nungwi. Tume iliyoundwa na serikali ya Zanzibar ilieleza baadaye kwamba ndani yake walikuwamo watu zaidi ya 2,000, ilhali chombo kile hakikuruhusiwa kuchukua hata nusu ya watu hao. Nilikwenda Pemba kuhani, maana tuna damu huko, nikakaa barazani katika matanga yaliyofuatana nyumba kwa nyumba, na katika kila baraza nikasikia maneno mamoja: ni ahadi yao, siku yao ilifika, tusiseme laiti, kwa kuwa laiti hufungua mlango wa shetani. Mjane akiambiwa hivi hufarijika, nami sikumnyang'anya mjane yeyote faraja yake. Nilikaa kimya nikanywa kahawa niliyopewa. Walakini maneno hayohayo yalisemwa na watu wengine, katika majukwaa, na watu waliokuwa na mamlaka juu ya bandari na vyombo, nao hawakuwa wajane. Moyoni nikamwona baba akipitisha ukucha wake. Laiti ni neno zuri. Laiti abiria wangehesabiwa gatini. Laiti mtu mmoja mwenye cheo angesema chombo kimejaa. MV Bukoba ilikwisha kuzama katika ziwa la Viktoria mwaka 1996 ikiwa imejaa kupita kiasi. Baada ya Spice Islander ikafuata Skagit mwaka 2012 karibu na Chumbe. Kisha mwaka 2018 kivuko cha MV Nyerere kilichopimiwa watu 101 kikapinduka karibu na Ukara, wakafa zaidi ya watu 220. Watu hawa hawakuuawa na jambo moja lisilojulikana. Waliuawa na jambo moja linalojulikana sana, lililorudiwa, na kila mara likafukiwa kaburini pamoja nao kwa maneno ya taadhima.

Mwaka uleule wa 2011 ulikuwa mwaka wa kikombe. Katika kijiji cha Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu alitangaza kuwa ameoteshwa na Mungu dawa ya mti iponyayo ukimwi, kisukari, saratani na mengineyo, kikombe kimoja kwa shilingi 500, na misururu ya magari ikaenea kilomita nyingi katika njia za vumbi, ikichukua Wakristo na Waislamu, maskini na mawaziri. Wagonjwa wengine walifia njiani wakingoja, na madaktari walilalamika kuwa wako walioacha dawa zao za kufubaza virusi. Nalitaja hili kwa haraka, maana wengi wanalikumbuka, ili asije mtu akadhani nina ugomvi na dini ya wazee wangu peke yake. Wala Shakahola, katika kaunti ya Kilifi, ambako mwaka 2023 ilianza kufukuliwa miili iliyozidi 400 ya watu walioambiwa kwamba njaa itawafikisha kwa Yesu, siifananishi na ibada ya jirani yangu mwema. Nasema tu kwamba waliokufa kule nao walikuwa majirani wema, waliofunzwa tangu utotoni kuwa kuamini bila ya kuuliza ni fadhila.

Wasomi wamejaribu kuipima dua kama dawa inavyopimwa. Uchunguzi mkubwa uliotangazwa Marekani mwaka 2006 ulihusu wagonjwa 1,802 waliopasuliwa moyo: baadhi waliombewa na baadhi hawakuombewa, na matokeo hayakutofautiana, ila wale walioambiwa kwa yakini kwamba wanaombewa walipata matatizo zaidi kidogo. Siutegemei sana uchunguzi huo, kwa kuwa muumini husema, na ana haki ya kusema, kuwa Mungu hajaribiwi. Mimi yanitosha yale niliyoyaona juu ya vioo vyangu: watoto wa shehe na watoto wa mlevi walikuwa na pete zilezile, na waliowahi kufika ndio waliopona.

Majirani huniuliza swali moja kuliko mengine yote, na huuliza kwa nia njema: kama huogopi moto, nini kinakuzuia usiibe? Jibu langu ni la maabara. Kanuni ya kazi yetu ni kwamba kabla ya kuandika kuwa damu haina vimelea, lazima mpimaji atazame duara 100 za hadubini, moja baada ya moja, na jambo hilo huchukua dakika nyingi na kuumiza macho. Saa nane mchana, foleni ikiwa imefika nje, umeme unakatika na kurudi, hakuna binadamu ambaye angejua kama nimetazama duara 20 nikaandika "hakuna". Hapakuwa na malaika mabegani mwangu. Alikuwapo mtoto nje ya dirisha, amelala begani kwa mama yake, na karatasi yangu ndiyo itakayoamua apewe dawa au arudishwe nyumbani. Yeye alitosha. Nimefanya kazi na wacha Mungu waliotazama duara zote na wacha Mungu wasiozitazama, na wasioamini wa namna zote mbili pia, na sikuweza kamwe kumjua mtu kwa sijda yake.

Yako mambo ambayo dini huyafanya na ambayo sijaona kitu kingine kikiyafanya vizuri hivyo katika nchi yetu. Mtu akifa Pangani asubuhi, kabla ya laasiri kaburi limechimbwa, sanda imekatwa, maji ya kumwosha yametekwa, wageni wamepikiwa, na deni lake limeulizwa hadharani ili alipiwe. Yote haya bila ya barua wala kamati. Mama yangu alipokuwa mgonjwa wa maradhi yake ya mwisho aliniita, na yeye alijua vyema hali yangu kwani sikumficha, akaniambia, "Mwanangu, siku hiyo bega lako nalitaka. Sala waachie ndugu zako." Nikalibeba jeneza kutoka mlangoni hadi makaburini bila ya kupokezana zaidi ya nilivyolazimishwa, na safu zilipopangwa nikasimama kando chini ya mwembe. Mtu mmoja alinong'ona kwamba ni fedheha. Imamu, aliyenijua tangu chuoni, aligeuka akamwambia aniache, kisha akakabili kibla akatoa takbira. Heshima ile ninaithamini, na naamini kwamba ilikuwa heshima ya pande mbili: mimi kutojifanya muumini mbele ya maiti ya mama, na yeye kutonitaka nijifanye.

Ndiyo sababu sipendezwi na wasioamini wenzangu, hasa vijana, wanaodhani kwamba kazi yetu ni kuwacheka wazee waswalio. Kazi yetu ni kuuliza, na kuuliza kwa sauti ya kawaida, kila mahali ambapo jibu limeharakishwa: nani aliikagua meli, nani aliuza tiketi, mtoto alianza kuumwa lini, kwa nini zahanati haina dawa. Muumini anaweza kuyauliza haya pamoja nasi, na wengi huyauliza.

Miaka ya mwisho ya 1980, katika vijiji vya Muheza, kulifanywa majaribio ya vyandarua vilivyochovywa katika dawa ya permethrini, ambayo humwua mbu anapotua juu yake, nami nilikuwa miongoni mwa waliotumwa kuchukua damu za watoto. Katika kijiji kimoja wazee walikataa. Walisema mauti yana siku yake, na kwamba kujifungia ndani ya wavu ni kumkimbia Mungu. Aliyewageuza hakuwa mimi, bali sheikh wa kijiji, aliyewakumbusha Ijumaa habari ya Mtume na yule bedui aliyetaka kumwacha ngamia wake bila ya kamba kwa kumtegemea Mungu, akaagizwa amfunge kwanza ndipo ategemee. Jumamosi watu walikuja na vyandarua mabegani. Tulikaa, sheikh na mimi, kwenye beseni moja, tukichovya na kukamua, yeye amekunja mikono ya kanzu hadi viwikoni.

Akaniambia, "Daktari, wewe wasema ni dawa. Mimi nasema ni Mungu aliyeitia dawa nguvu. Tunagombania nini?"

Nikamjibu, "Sheikh, tunagombania mwaka ambao nguvu hiyo itapungua. Mimi nitatafuta kilichobadilika kwa mbu. Wewe utawaambia nini watu?"

Alikamua chandarua akakitundika, kisha akasema, "Nitawaambia wakukamatie hao mbu wakuletee."

Mwaka huo ulikuja. Mbu wa sehemu nyingi za Tanzania wamekuwa sugu kwa dawa za jamii ile, na watafiti wamelazimika kuanza upya. Huko Muleba, katika mkoa wa Kagera, majaribio yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba vyandarua vilivyoongezewa kiungo cha pili, kimzuiacho mbu asiivunje dawa mwilini mwake, viliwakinga watoto kuliko vile vya zamani. Sheikh amekwisha fariki. Anayeshika mimbari sasa ni mwanafunzi wa chuo chake, kijana mwenye elimu, ambaye hutangaza siku za kugawa vyandarua mara tu baada ya sala ya Ijumaa, na ambaye kila tukutanapo barazani tunaendelea na mjadala uleule aliourithi; wala hajakubaliana nami hata kidogo kuhusu ni nani aliyemuumba mbu.